Elfu Thelathini na Nane za CCNA: Alipe Ama Asilipe?

Mtihani wa CCNA, cheti cha ufundi wa mitandao ya kompyuta kinachotolewa na kampuni ya Cisco, ule wenye nambari 200-301, ada yake ni dola 300. Ukizigeuza kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola unapata Sh38,700 kabla ya kodi. Ukianguka, unangoja siku tano, kisha unalipa upya ada nzima. Binti ambaye kisa chake nakichambua hapa alikuwa na Sh46,000, zamu yake ya chama, na hakuwa na zamu nyingine ya kutarajia mwaka huo.

Ana miaka 24, anaishi Kayole kwa shangazi yake, na ana diploma ya teknolojia ya habari. Kazi yake ni ya saiba: anachapisha, anawajazia watu fomu za eCitizen, anawasaidia waliosahau nywila za KRA, na kuhakikisha mashine kumi na mbili zina intaneti. Mshahara ni Sh15,000. Alikuwa amemaliza karibu mwaka akituma maombi ya kazi za mitandao, na kimya alichopata kilitosha kumshawishi kwamba kinachomkosesha ni cheti.

Mimi hufundisha darasa la mitandao siku ya Jumamosi katika ukumbi wa kanisa pale Umoja. Katikati ya wiki nimeajiriwa na kampuni inayoweka mitandao maofisini, na mara kwa mara huketi kwenye jopo la kuwahoji wanaotafuta kazi. Ndiyo sababu swali lilinifikia: "Mwalimu, nilipe ama nisilipe?" Ameniruhusu nikiandike kisa hiki mradi nisimtaje yeye wala kampuni zilizomhoji.

Ukiuliza swali hili mjini utajibiwa na watu wa aina mbili. Kuna wanaoapa kwamba cheti ni karatasi tu, na kuna wanaoapa kwamba bila cheti huitwi popote. Kila mmoja ana binamu wa kutolea mfano. Nadhani wote wanasema kweli, ila wanaongea kuhusu waajiri tofauti. Msimamo wangu ni kwamba cheti cha kitaaluma hulipa pale ambapo mwajiri wako naye ana mtu wa kumwonyesha cheti hicho. Pasipo na mtu huyo, thamani yake hushuka mno, hata kama tangazo la kazi limekitaja.

Mwajiri anamwonyesha nani?

Chukua kampuni za kuuza na kufunga mitandao, nyingi zikiwa Westlands, Upper Hill na kandokando ya Ngong Road. Hizi huishi kwa mambo mawili. La kwanza ni ushirika na watengenezaji wa vifaa. Kwa miaka mingi Cisco iliwapanga washirika wake kwa ngazi kama Select, Premier na Gold, na kupanda ngazi kulidai pia kampuni iwe na wahandisi wenye vyeti vya Cisco. Microsoft na AWS, tawi la Amazon la kukodisha seva mtandaoni, nao huwahesabu watu wenye vyeti katika kuwapima washirika wao. Kwa hiyo cheti cha mfanyakazi kinaingia moja kwa moja kwenye biashara ya mwajiri.

La pili ni zabuni. Kaunti, wizara na mashirika ya umma hununua chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015. Tathmini huanza na stakabadhi za lazima, ikaja sehemu ya kiufundi, halafu bei. Kwenye sehemu ya kiufundi ya zabuni ya mtandao, mara nyingi utakuta jedwali la alama: mhandisi mkuu awe na cheti fulani, mafundi wawili wawe na kingine, nakala ziambatishwe pamoja na wasifu wao. Kampuni isiyo na watu hao hupoteza alama, na ikikosa kufikisha kiwango bei yake haiangaliwi kabisa. Hapo hakuna anayeuliza kama unajua kusanidi swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao mmoja. Karatasi yako inahitajika mezani.

Sasa uhame hapo uende kwa muuzaji wa WiFi ya mtaa pale Kayole, yule mwenye antena juu ya paa la ghorofa, anayeuza vocha za saa moja na za siku kwa M-Pesa. Mitaani rauta yake kwa kawaida ni ya MikroTik, kampuni ya Latvia, na antena ni za Ubiquiti. Wateja wake hawajawahi kusikia CCNA. Akikuajiri atataka uingie kwenye Winbox, programu ya kusimamia rauta za MikroTik, uone ni nani anameza laini yote, umwekee kikomo, kisha upande paa kabla mvua haijanyesha. Nadharia ya CCNA itakusaidia, kwa maana VLAN, yaani kugawa mtandao mmoja katika mitandao midogo ndani ya swichi, ni VLAN kokote, lakini amri ulizokariri za Cisco hazifanyi kazi kwenye kifaa chake.

Waundaji programu hali yao ni nyingine kabisa, nami nitawapitia haraka. Kampuni changa za Nairobi zitakupa zoezi la kufanyia nyumbani, mara nyingi jambo kama kuunganisha duka la mtandaoni na Daraja, mfumo ambao Safaricom iliufungua mwaka 2017 ili programu za watu wengine ziweze kupokea malipo ya M-Pesa. Mazingira ya majaribio ni bure. Ukilifanya vizuri, msimbo wako ukasomeka na ukaeleza kinachotokea mteja akighairi malipo katikati, mazungumzo yanasonga. Cheti hapo hakina wa kukihesabu.

Kati ya kampuni za zabuni na hawa wasiojali cheti zipo benki, hospitali kubwa na mashirika yasiyo ya kiserikali. Huko wasifu wako husomwa na watu wawili. Wa kwanza ni afisa wa rasilimali watu mwenye rundo la maombi na siku moja ya kulipunguza. Yeye si fundi na hapaswi kuwa fundi. Anatafuta maneno yaliyo kwenye tangazo, na "CCNA itakuwa faida ya ziada" ni neno rahisi kutafuta. Wa pili ni mkuu wa kitengo cha teknolojia, ambaye atataka kujua umewahi kugusa nini. Cheti kinakuvusha kwa wa kwanza. Kwa wa pili kinakuletea maswali magumu zaidi, kwa sababu sasa ana haki ya kuyauliza.

Kuna faida moja ya vyeti hivi ambayo naiona haizungumzwi vya kutosha hapa kwetu. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi ulikuwa umebaini zaidi ya vyeti 2,000 vya masomo vya kughushi miongoni mwa watumishi wa umma. Waajiri wameingiwa na baridi. Cheti cha Cisco au AWS kinathibitishwa mtandaoni kwa kiungo, dakika moja, bila kuandikia chuo barua na kungoja. Kwa kijana aliyesoma chuo kisichojulikana sana, hilo si haba. Upande wa pili wa sarafu ni wale wanaonunua maswali ya mtihani yaliyoibwa na kuyakariri. Wanafaulu, wanakuja kwenye mahojiano, na swali la pili linawaumbua. Wametuharibia soko wote.

Alichokuwa nacho tayari

Nilimwomba anitumie wasifu wake kabla sijamjibu. Ulikuwa kurasa tatu. Diploma ilikuwa na aya nzima, malengo ya maisha yalikuwa na aya nzima, na kazi ya saiba, ambayo ameifanya tangu mwaka 2022, ilikuwa na maneno mawili: "Mhudumu, saiba."

Nikamuuliza mara ya mwisho intaneti ilipoleta shida pale ilikuwaje. Akaanza kusimulia kama mtu anayelalamika. Mwenye saiba alikuwa amenunua rauta ya pili ili kamera za ulinzi zipate laini yake, akaichomeka kwenye swichi mwenyewe. Tangu siku hiyo mashine zikawa na kichaa: hii ina intaneti, ya pembeni yake haina, ukiizima na kuiwasha zinabadilishana. Fundi aliyeitwa alisema kadi za mtandao zimezeeka zinunuliwe nyingine. Yeye hakuridhika. Aliketi kati ya mashine mbili, moja nzima na moja mbovu, akaandika ipconfig, amri inayoonyesha anwani ya mashine kwenye mtandao, kwenye zote na kulinganisha mstari kwa mstari. Nzima ilikuwa na anwani inayoanza na 192.168.0, mbovu ilikuwa na 192.168.1, na lango la kutokea lilikuwa tofauti. Rauta mbili zilikuwa zinagawa anwani kwenye mtandao mmoja, na mashine ilichukua kutoka kwa iliyojibu kwanza. Iliyochukua kutoka kwa rauta ya kamera ilielekezwa kwenye mlango usiokwenda popote. Akaingia kwenye rauta ile, akazima DHCP, yaani huduma ya kugawa anwani, basi.

Hilo ni tatizo lenye jina lake kwenye vitabu, na kinga yake, DHCP snooping, imo ndani ya silabasi ya CCNA, kwenye sehemu ya usalama. Nimewahoji watu wenye cheti chenyewe ambao wangenunua kadi mpya kama yule fundi. Lakini kwenye wasifu wake kisa hiki hakikuwepo. Aliona saiba ni kazi ya kujishikiza, jambo la kufunika kwa mkono mpaka kazi ya maana ipatikane. Wengi wa vijana wa Eastlands hufanya hivyo, na huwa inaniuma, kwa sababu wanaficha kitu pekee ambacho fundi wa upande wa pili wa meza angependa kukisikia.

Jibu nililompa

Nilimwambia asome CCNA yote, lakini asilipie mtihani bado. Watu huchanganya haya mawili. Silabasi iko wazi kwenye tovuti ya Cisco, na uzito wa kila sehemu umeandikwa: misingi ya mitandao asilimia 20, ufikiaji wa mtandao 20, muunganisho wa IP 25, huduma za IP 10, misingi ya usalama 15, na otomatiki 10. Packet Tracer, programu ya kuigiza rauta na swichi kwenye kompyuta, hupatikana bure kwa kujiandikisha Cisco Networking Academy. Unachonunua kwa dola 300 ni dakika 120 za kuthibitishwa. Maarifa unaweza kuyapata kabla ya kutoa hata senti.

Na uthibitisho huo una tarehe ya kufa. Cheti cha CCNA hudumu miaka mitatu. Ukikipata leo na ukakaa mwaka mmoja na nusu bila kazi, nusu ya maisha yake imekwisha bila kukuzalishia chochote.

Pesa zake tukazigawa. Sehemu ndogo, chini ya Sh10,000, alikwenda nayo Luthuli Avenue akarudi na koleo ya kukaza plagi za RJ45, kipima nyaya, mfuko wa plagi, mita kadhaa za waya wa Cat6, na rauta ya MikroTik iliyotumika ambayo muuzaji alikubali aijaribu kabla ya kulipa. Zilizobaki zikabaki Sacco. Kisha akaandika upya sehemu ya saiba kwenye wasifu: idadi ya mashine, kifaa gani kinagawa anwani, tatizo alilokuta, alivyoligundua, alichobadilisha. Akachora ramani ya mtandao wa saiba kwenye ukurasa mmoja na kuiambatisha. Wasifu ukawa kurasa mbili. Malengo ya maisha tuliyafuta.

Aliniuliza pia kuhusu vyeti vingine vya kuanzia. A+ ya CompTIA inadai mitihani miwili na inafaa anayetaka kazi ya dawati la msaada. Cloud Practitioner ya AWS ni dola 100 na ni utangulizi, hakuna atakayekukabidhi seva zake kwa sababu yake. Ile ya Google ya IT Support, iliyoko kwenye tovuti ya kozi ya Coursera tangu 2018, ni kozi nzuri kwa asiye na msingi wowote. Yeye msingi alikuwa nao. Tulimaliza hilo upesi.

Mahojiano mawili

Wito wa kwanza ulitoka kwa kampuni ya mitandao iliyoko Upper Hill. Walimpenda, kwa maelezo yake na kwa simu niliyopigiwa baadaye na mtu ninayefahamiana naye pale. Hawakumchukua kwa sababu moja: walikuwa wanaandaa zabuni iliyokuwa inafungwa wiki ile na jedwali lilitaka fundi mwenye CCNA. Wakamchukua mwingine. Sitaki kulizunguka hilo. Angekuwa na cheti mkononi, nafasi ile ingekuwa yake.

Lakini ilikuwa nafasi ya aina gani? Barua ya ajira ilitegemea kampuni ishinde zabuni. Na hapa niseme kitu kuhusu desturi moja ya mji huu. Kuna kampuni zinazokuomba nakala ya cheti na wasifu uliotiwa sahihi, zinaviambatisha kwenye zabuni, na husikii tena habari zao. Zikishinda, anayefanya kazi ni mtu mwingine wa mshahara mdogo. Ukiombwa stakabadhi hizo kabla ya kuona barua ya ajira, uliza zinakwenda kwenye zabuni gani na jina lako litaandikwa kama nani. Una haki ya kuuliza, na anayeudhika na swali hilo amekujibu.

Wito wa pili ulitoka kwa kampuni ndogo inayotunza mitandao ya shule na kliniki. Huko hawakuuliza cheti. Fundi mkuu alimwekea mezani kipande cha Cat6, plagi mbili na koleo, akamwambia atengeneze waya. Akachuna ganda, akafumua jozi, akazipanga: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Akazinyoosha kati ya vidole, akakata ncha ziwe sawa, akasukuma mpaka shaba ikaonekana mwisho wa plagi, na akahakikisha ganda la nje limeingia ndani ili koleo ilibane. Hiyo ya mwisho ndiyo fundi aliyoitazama, kwa maana waya usiobanwa kwenye ganda hung'oka baada ya wiki mbili na mteja anapiga simu. Taa za kipima nyaya zikawaka moja hadi nane bila kuruka.

Kisha akapewa kompyuta isiyo na intaneti. Anwani yake ilianza na 169.254. Akasema: "Hii haijapewa anwani na mtu, imejipa yenyewe. Nitaangalia waya kwanza, halafu poti ya swichi iko VLAN gani, ndipo niende kwenye seva ya DHCP." Swali la mwisho lilikuwa la simu: daktari anapiga, anafoka, anasema intaneti imepotea, utamwambia nini? Akajibu: "Nitamsalimia, nimwombe radhi, kisha nimuulize ni kwake peke yake ama ni kliniki nzima."

Alipigiwa siku iliyofuata. Sh28,000 kwa miezi mitatu ya majaribio, na nauli ya kwenda kwa wateja hulipwa na kampuni.

Kwa hiyo, je, kisa hiki kinathibitisha kwamba cheti hakihitajiki? Hapana, na ningemsikitikia anayekisoma hivyo. Mlango mmoja ulimfungia kwa kukosa cheti na mwingine ukafunguka bila cheti, kama ambavyo tungetarajia tukijua kila mwajiri alikuwa na nani wa kumwonyesha. Kama angekuwa hana saiba, hana kitu chochote alichowahi kukitengeneza kikafanya kazi, ningempa jibu tofauti: tafuta kwanza mahali pa kufanyia uanagenzi, hata kwa nauli tu. Na kama angekuwa na Sh200,000 benki, ningemwambia alipe mara moja akiwa tayari, kwa maana kwake dola 300 zisingekuwa dau la mwaka mzima. Ushauri huu uliegemea pesa yake na hali yake. Mwenye hali tofauti aanze hesabu upya.

Sasa mtihani ameshaupanga, na mlipaji amebadilika. Baada ya miezi mitatu kampuni ilimpa mkataba wa kudumu na kumwambia itamrudishia ada ya CCNA akifaulu, kwa sharti afanye kazi pale mwaka mmoja zaidi. Wamegundua kwamba nao wanataka kuomba zabuni za shule za umma. Alinitumia picha ya mkataba kwa WhatsApp akiuliza kama atie sahihi. Kifungu kilisema akiondoka mapema atalipa "gharama zote za mafunzo", bila kiasi. Nikamwambia asitie kabla hawajaandika nambari, na kabla hawajaandika kwamba deni linapungua kila mwezi anaokaa. Aliwapelekea ombi hilo kwa barua pepe, kwa adabu, na wakakubali yote mawili bila ubishi. Akatia sahihi.